Kielelezo Hakipo

Joho langu lina tundu la sigara ya mtu mwingine.
Nililinunua hivyo, kwa mjane wa wakili, pale Kamalondo.
Saa tatu asubuhi, mahakama ya amani,
karani anatafuta kalamu kila droo
na kalamu imo ndani ya nywele zake.

Mkobani nina dosie tatu na sambusa mbili
zilizokwisha kuipaka mafuta dosie ya katikati.

Mama Kamin wa Katuba: kupiga na kujeruhi.
Shemeji alikuja na ngazi na vijana wanne
kung'oa mabati ya marehemu, arobaini haijaisha.
Alikuwa anasonga bukari. Alitoka na mwiko.
Cheti cha daktari kinasema "chombo kizito cha chuma".
Nikaomba mwiko uletwe. Hakimu akaupima mkononi,
akaugeuza, nadhani hata akaunusa.
"Bado unautumia?"
"Jana usiku, Bwana Hakimu."
Tulicheka wote, shemeji pia, hadi bandeji ikamshukia jichoni.
Kesi ikaahirishwa. Kicheko si hukumu.

Kijana Tshiteya wa Kenya: bangi, misokoto 17.
Nikaisogeza karatasi dirishani.
Ile moja imesimama mbele ya saba
kama askari aliyechelewa gwaride,
wino wake mbichi kuliko wa wenzake.
Saba ni mvutaji. Kumi na saba ni mchuuzi.
Kijistari kimoja wima,
na kule Kasapa miaka inazaana.
"Wino ni wino," akasema hakimu. "Mwezi ujao."

Halafu Ngosa.

Ngosa aliniambia kweli siku ya kwanza,
kwenye benchi la gereza, akila mkate niliomletea:
"Nilikata, Metre. Lakini kilo arobaini? Kwa mikono hii?"
Nikaitazama. Ilikuwa na nyufa za kijani.
Shaba haikubali mtu aseme hawafahamiani.

Sikusema hakukata. Sikusema neno
ambalo ningelionea haya mbele ya bibi yangu.
Nilisema: waya uko wapi? Tuuone.

Mwendesha mashtaka akamtazama mkaguzi,
mkaguzi akamtazama mlinzi wa ghala,
mlinzi akatazama viatu vyake, vipya, vya ngozi.
Ghala la polisi lina makufuli mawili.
Waya ulioibwa umeibwa.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Akaachiwa. Mama yake akanishika miguu, nikamwinua,
akanipa kuku aliyefungwa kwa kipande cha waya,
mwekundu, umeng'arishwa.
Sikuuliza.

Ngazini alinisubiri mwanamke wa sare nyeupe,
mkunga wa zahanati moja ya Ruashi.
"Usiku ule walipokata," akasema, "nilizalisha
nimeng'ata simu mdomoni, inamulika."
"Na mtoto?"
"Yupo. Nilitaka tu kuiona sura ya anayewatetea."
Akaiona. Akashuka, akiruka maua ya jakaranda
kama mtu asiyetaka kukanyaga kitu kingine leo.

Nilikuwa na jibu. Wakili ana jibu daima:
kwamba nikiiachia karatasi ya uongo imfunge mwizi,
kesho itamfunga mkunga.
Ni jibu zuri. Lilinijia nikiwa nimefika
mbele ya duka la misumari, na yeye hayupo.

Usiku umeme ukakatika mtaani kwetu.
Sijui ni nani. Nikawasha mshumaa,
nikafungua dosie ya katikati.
Pale mafuta ya sambusa yalipotota
karatasi imekuwa kama kioo,
na saba inaonekana upande wa pili, imebonyea,
kalamu iliyokandamizwa na mtu mwenye hasira.
Moja haibonyei popote.
Imeelea tu juu, nyepesi.

Nikaizungushia duara.
Chini ya meza kuku alikuwa anadonoa
kile kiwaya mguuni mwake, tiki, tiki,
na mimi nikamwacha mpaka asubuhi,
sijui kwa nini, sikumfungua.