Mstari wa Kuonana

Juu ya meza ya jikoni redio tatu,
mkate wa jana, na daftari la madeni.
Zbyněk anazipima kwa kiganja kama apimaye mayai.
Ya kwanza ina mbio: gigahezi sitini,
inabeba kijiji kizima kwa pumzi moja,
ila mvua kubwa ikinyesha inazirai.
Ya pili ni ya masafa ya leseni. Bei yake
tuliisoma mara mbili, tukairudisha kwenye boksi
kwa adabu, kama mtoto wa watu.
Ya tatu ni hii ya gigahezi tano,
masafa ya wote, yaani makelele ya wote;
na ikisikia rada ya mvua sharti inyamaze,
ihame, itafute njia nyingine.
Nikasema: hii imelelewa.

Muuzaji wa Brno alikwishapiga simu mara nne
kuisifu ile ya sitini.
Kizuri chajiuza, nikamkumbusha Zbyněk.
Akacheka, akanunua jozi moja hata hivyo,
kwa ajili ya kipande kifupi
kutoka ghala la nafaka hadi mnara wa kengele.
"Kwa mita mia saba hata mwoga ni shujaa."

Paroko alitupa ufunguo na sharti moja:
tusitoboe upande wa kengele ndogo.
Novemba. Mimi chini, nimeshika kamba,
yeye juu, kinywa kimejaa skrubu,
nami namsomea namba kwenye simu:
Kushoto. Umezidi. Rudi nusu ya unywele.
Hasi sabini na moja. Hasi sitini na sita.
Hasi sitini na mbili, usipumue.
Hakupumua. Akakaza nati.
Waya wa ethi tulikuwa tumeufunga kwanza,
maana radi haimsubiri fundi aliyesema kesho.

Kaya arobaini na tatu kabla ya Krismasi.
Ya arobaini na nne ilitushinda:
Bi Květa, chini bondeni, nyuma ya misonobari
aliyoipanda marehemu Oldřich mwaka waliooana.
Tulijaribu mlingoti wa mita sita. Wa tisa.
Hasi themanini na tano, halafu kimya.
Mawimbi hayatosheki na uzi mwembamba wa kuonana;
yanataka nafasi ya kunenepa katikati, kama yai,
na ndani ya yai letu mlikuwa na msitu.
"Ikikatwa mitatu tu," Zbyněk akaanza, polepole.
Bibi akakata keki.
Hicho ndicho kilichokatwa siku ile.

Kisha kikaja kiangazi kile kikavu, na dumuzi chini ya magome,
mdogo kuliko punje ya mchele.
Misonobari ikageuka kahawia, safu kwa safu,
mashine zikapanda, mlima ukanyolewa.
Septemba, bila kuniambia, Zbyněk alikwenda
na ule mlingoti wa kwanza, mfupi.
Hasi hamsini na nane.
Sijapata kusikia namba nzuri
ikitangazwa kwa sauti ya msibani.

Bi Květa alisaini, akalipa miezi mitatu mbele.
Jioni binti yake aliyeko Perth akatokea kwenye kioo,
mzima, bila kukwama, hata vipuli vinaonekana,
na bibi, badala ya kumwonyesha uso,
akaielekeza kamera dirishani:
visiki, visiki, visiki, halafu mnara wetu
na taa yake nyekundu ikikonyeza.
"Unaona?"
"Naona, mama."
"Basi. Siku hizi kila kitu kinaonekana."

Njiani Zbyněk aliendesha bila redio ya gari.
Desibeli ishirini na saba za faida.
Nilizihesabu moyoni.
Daftarini sikuziandika.