Kichwa cha Neno

Chumba tulikipata rahisi, ghorofa ya tatu,
Mtaa wa Lake, Chicago, kwa sababu
reli inapita hewani juu ya miguu ya chuma,
hatua nne kutoka kwenye sufuria yetu ya wali.
"Mtazoea," alisema Bi Halina Pawlak, mwenye nyumba,
akipaza sauti bila kujua, kama wakazi wote wa hapa.

Tukazoea.
Vijiko ndivyo vilivyotangulia kujua:
droo inatetemeka, halafu kioo, halafu meno.
Tukajifunza kusimamisha neno katikati,
mdomo wazi, kidole juu,
mabehewa sita yapite na watu wake wasiotutazama,
kisha tuendelee palepale: "...na chumvi."

Chini, jua likipenya kwenye mataruma,
barabara huwa daftari lenye mistari.
Magari hupita juu yake kutwa,
hayaandiki kitu.

Usiku ule wa Februari Mwanaidi alikuwa anakunja shuka,
amenipa mgongo.
Alisema neno moja. Treni ya saa tano na dakika kumi
ikaja na kona yake, chuma kikililia chuma,
ikameza kichwa cha neno, ikaniachia mkia:
"...taondoka."

Ni? Au Si?
Silabi moja tu, punje ya mchele,
na nyumba nzima imesimama juu yake.
Ningeuliza. Nikasema, "Sawa."

Miaka miwili nikalipia hiyo sawa.
Nikirudi zamu ya usiku nahesabu viatu vyake mlangoni.
Jozi tatu. Jozi tatu. Siku moja, mbili,
nikakaa chini kwenye ngazi, koti sijavua.
Jozi ya tatu ilikuwa kwa fundi.

Kisha Agosti wakaja watu wa kofia za njano,
reli ikafungwa Ijumaa hadi Jumatatu.
Kimya kikaingia bila hodi,
tukakipisha kiti.
Kumbe saa yetu ya ukutani hulia.
Nilimsikia Bi Halina, huko chini, akimenya kitunguu, naapa.

"Usiku ule," nikasema, "ulisema nini?"
Hakuuliza usiku upi.
"Tu. Nilisema tutaondoka.
Nilikuwa nimepata nyumba Evanston, ina mti dirishani.
Ukajibu sawa, ukageuka ukutani.
Nikangoja ufunge mizigo."

Jumatatu, kabla hakujapambazuka,
vijiko vikaanza.
Tulikuwa bado mezani,
mdomo wangu wazi,
kidole chake juu.