Tundu la Panzi

Serere, saa tatu asubuhi. Madirisha yamefungwa
kwa sababu ya upepo.
Joto tumelizoea. Ila jani likitikisika kidogo tu,
kama mtu anayekataa bila kusema,
kompyuta huona majani mawili
na muhogo wetu hugeuka mti wa mizimu.

Basi tunabana pumzi, mimi na Asekenye.
Chungu namba arobaini na saba kimekaa juu ya kisahani
alichotuundia Okiria, fundi baiskeli,
kwa kitovu cha gurudumu la nyuma.
Nageuza nyuzi tano. Kamera inalia.
Nyuzi tano.
Picha sabini na mbili, na muhogo umejizunguka wote
bila kung'oa mguu.

Halafu kioo kinajaa nukta.
Kwanza shina, kama limemwagwa kwa punje za wimbi,
kisha vikonyo, kisha vidole vya majani, saba saba.
Daktari Ilukor huliita wingu.
Wingu la nukta milioni mbili,
na huko nje, wiki ya sita, hakujanyesha.

Nazipenda namba zake, sitadanganya.
Kikonyo na shina, juzi: nyuzi hamsini na nane.
Leo: sabini na moja.
Majani yanashuka, polepole mno kwa jicho langu,
wala nisingeapa mbele ya yeyote kwamba nimeyaona.

Lakini leo Asekenye amegonga meza.
Jani la tatu kutoka juu lina tundu,
kazi ya panzi, pana kama sarafu ya shilingi mia.
Programu imeliziba.
Imetandaza kijani pale pasipo na kitu,
kwa adabu, kama mgeni anayesifu mboga isiyo na chumvi.
"Nani amekuambia uliponye?"
Akaanza kufuta, nukta baada ya nukta,
ncha ya ulimi ikiwa imebanwa na meno.

Nikamkumbuka mama kule Kasilo,
anayepima mihogo yake kwa shubiri, akisahau hesabu njiani.
Huu uliinama siku ng'ombe wa Ejoku walipokatiza.
Huu una mashina mawili, jembe liliteleza.
Huu umenyooka, unauona?
Chini hauna kitu.

Kufikia saa saba tundu limerudi mahali pake.
Eneo la jani limepungua, nimeandika,
na pembeni, kwa kalamu ya risasi: *panzi*,
ingawa jedwali halina safu ya jina hilo.

Mwenyewe tulimkuta kwenye ukingo wa chungu cha arobaini na nane.
Tukasubiri ashuke.
Hakushuka. Alitulia kuliko jani lolote.
Fungua faili utazame: yumo,
goti limekunjwa nyuzi thelathini.