Mizani ya Mstari wa Tatu

Wakfu wetu ni nyumba ya vyumba vitano, Tandahimba,
bati la mbele jipya, la nyuma linavuja.
Vitatu vimepangishwa: fundi cherehani,
muuza salfa, na kijana wa miamala ya simu.
Cha nne ni stoo ya majarida.
Cha tano nimo mimi, mhariri, mhasibu, mfagizi.

Aliyetuachia ni Bi Esha Nampota,
karani wa mizani, misimu ishirini na sita.
Alisimama penye ndoana, kalamu sikioni,
akaona mshale unasema themanini
na bwana ghala anasema, andika sabini na nane.
Akaandika.
Watu walidhani anaandika tu.
Kumbe nyumbani kulikuwa na daftari la pili,
daftari la shule, kona zimeliwa na panya,
na humo kila gunia limelala na uzito wake.

Hakuacha mtoto. Wosia ulikuwa ukurasa mmoja:
kodi ya nyumba imlipie yeyote anayehesabu kwa haki,
na alichohesabu kichapwe, kisomwe bure,
kwa lugha ambayo mpakia magunia anaielewa.
Chini yake, kwa wino wa kijani:

    Gunia lina uzito, karani hauandiki,
    kilo mbili za mtoto azila asiye haki,
    hesabu ni kama moto, ficha, haufichiki,
    nyumba natoa, si ndoto, ipime na kuhakiki.

Nimeusoma mara ngapi sijui,
na kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Nane kwa nane, nane kwa nane,
kisha mstari wa tatu: nane kwa saba.
Nikiandika "ukificha", inazidi moja.
Nikiacha "ficha", inapungua moja.
Mwalimu Nanjota, mdhamini, anasema marehemu alikosea.
Mwenzake anasema hili ni shairi la karani,
lazima lipunjwe kama gunia.
Mimi nauchapa hivyo hivyo, toleo kwa toleo,
na kila toleo kuna msomaji wa kunisahihisha.

Mwaka huu tulimlipia Danfodi Likapa.
Jarida la ng'ambo lilimkubali, kisha likamtaka ada.
Nikaigeuza ile ada kuwa korosho:
magunia ishirini na matano
ya kununua ruhusa ya kusema alichokiona Kitangari.

Mizani minne. Magunia mia sita na kumi na mawili,
kila moja limepimwa mara mbili, ghalani na nje.
Wastani wa upungufu: kilo moja na nusu, na ushei.
"Wastani unaficha," aliandika mhakiki wetu wa pili.
"Wengine hawakupunjwa kitu, wengine walipunjwa nne.
Onyesha mtawanyiko."
Danfodi alinuna wiki mbili, kisha akachora upya.
Mkia wa mchoro ulikuwa wanawake
waliokuja ghalani peke yao.

Nakala mia mbili zilitoka Mtwara kwa basi la asubuhi,
zimeshonewa ndani ya gunia, maana maboksi ni ghali.
Wachapaji walikuwa wameandika kilo thelathini na nne.
Stendi, mpakiaji akalining'iniza: thelathini na sita.
Sikubishana. Nililipa, nikadai risiti.

Kitangari tulisoma jedwali kwa sauti, uwanjani mwa chama.
Bi Skolastika Nang'olo akauliza yeye ni nukta ipi.
Danfodi akasema utafiti hautaji majina.
"Sikuuliza jina. Nimeuliza nukta."
Akamwonyesha: kulia kabisa, imekaa mbali na wenzake.
Bi Skolastika aliiwekea kidole, hakukiondoa.
"Na hizi kilo nne, zinarudi lini?"

Hilo halimo katika wosia.
Nimeliandika kwenye daftari la pili.