Chupa Katikati

Jiko la matofali uani kwetu, Rosario,
halijawaka tangu Machi. Leo ni Agosti.
Buibui amefuma wavu wake juu ya wavu wa nyama.
Mama anamtoa kwa kijiti, polepole,
kama anayemhamisha mpangaji asiyedaiwa kodi.

Ami zangu wamefika kabla ya saa nne,
kila mmoja na dini yake ya moto.

Ami Rogelio ana kidumu cha mafuta ya taa.
"Dakika mbili," anasema, na kweli ni dakika mbili:
moto unaruka hadi kwenye kamba ya nguo,
unamlamba nyusi, unatoweka,
makaa yamebaki meusi vilevile
ila sasa yananuka gereji.
Moto wa mafuta ni mgeni wa mlangoni,
amesalimu kwa kelele, hakuketi.

Ami Evaristo kachukua mashine ya mkewe ya kukaushia nywele.
Waya umepita dirishani, umeruka ndoo, umefika.
Anapuliza.
Majivu ya zamani yanainuka,
majivu ya baba –
yaani, majivu aliyoyaacha baba jikoni
siku alipochoma ubavu wa mwisho –
yanatua kwenye saladi, kwenye kofia za watoto,
kwenye bega la mama.
Hajipangusi.

"Kwani babu alikuwa anawashaje?"
Lautaro anauliza, na uani pote kimya.
Hakuna ajuaye. Anselmo hakupenda kutazamwa.
Ukimkaribia alikutuma: barafu, mkate, chumvi ya mawe,
ukirudi ukakuta kaa limeshaiva, jekundu,
naye amekaa, miguu kanyoosha, kama hakufanya kitu.

Mama anakwenda jikoni, anarudi na chupa tupu ya mvinyo.
Anasokota gazeti la Jumatatu,
matokeo ya farasi, vifo, bei ya soya,
anaizungushia chupa kamba ya karatasi,
pete juu ya pete, hadi mabegani,
kama skafu ya mtoto anayekwenda shule na baridi.
Kisha makaa, ya ule mti mgumu wa kaskazini
uliopewa jina la kuvunja shoka:
makubwa chini, madogo juu,
hadi imebaki shingo tu ya chupa.

Anaishika. Anaizungusha kidogo.
Anaivuta
jinsi unavyochomoa mkono chini ya kichwa cha aliyelala.

Shimo limesimama. Halikuporomoka.
Mama anatupia humo kipande kimoja kinachowaka
na kuweka kiberiti mfukoni mwa aproni.
"Asipulize mtu."

Moshi kwanza, mzito, wa kukatisha tamaa.
Halafu, tk, tk, mbali ndani,
kama kucha kwenye meza.

Ami Rogelio hajui mikono aiweke wapi.
Anainama achungulie.
"Rogelio," mama anasema bila kugeuka,
"nenda kaniletee chumvi.
Nawe Evaristo, barafu."

Miaka arobaini na mmoja alisimama hapa nilipo,
dirishani, viganja ndani ya maji ya vyombo,
na sisi tukidhani anaosha sahani.

Maji yamepoa. Sijali.
Pete za karatasi zilikuwa saba.