Mlima Unaochelewa

Bergur, fundi wa Ísafjörður, kaifungua laptopu yangu,
kapuliza vumbi, katikisa kichwa:
"Kadi ya michoro wameilehemu, haitoki.
Kwa hela hii, Hálfdan, chagua:
ramu au diski."

Sikumwambia kuwa kila usiku
nakata ile kona ya mwisho kabla ya uwanja,
feni ikinguruma kushinda injini,
na mlima bado haujafika.
Naupenya kama moshi, natua salama;
ndipo nyuma yangu unajijenga, jiwe kwa jiwe.

Nikachagua ramu.

Leo mlima umewahi, na theluji yake,
na paa jekundu la kwetu chini.
Kiganja kikatoka jasho.
Miaka kumi na moja tangu waichukue leseni yangu,
leo ndipo naweza tena kuanguka.