Deni la Bwana Hurst

Ninazo saba. Iyowuna husema nane,
kwa kuwa huhesabu na ile niliyoikalia
siku ya ubatizo wa mjukuu,
ikatoa mlio kama yai.

Nyeusi zote, ngumu, za mviringo,
ukingo umejikunja kandoni
kama mdomo wa mtu anayejizuia kucheka.
Hapa Buguma mwanamume haendi kuzika kichwa wazi:
kofia hiyo, fimbo mkononi,
vifungo vitatu vya dhahabu kifuani
vikishikana kwa mkufu.
Vijana hununua mpya, zinazonuka gundi.
Mimi nataka zilizokwisha kuvaliwa.

Moja niliipata kwa mjane wa Abonnema, kwa bei ya kiti.
Moja niliikuta sokoni Port Harcourt,
mama mmoja akiipimia kamba wakavu,
na hadi leo jua likiwaka
hunukia mchuzi.
Kila Jumamosi nachemsha birika,
nazipitisha juu ya mvuke moja moja,
nazipiga brashi kuelekea kushoto, daima kushoto,
maana manyoya ya sungura, hata yakipondwa yakawa kofia,
hayasahau yalikolalia.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wanasema.
Sawa. Kichwa si matako.

Mwaka huu nililazwa miezi miwili.
Nilijua mikono itakonda, na mapaja.
Hakuna aliyeniambia kuwa kichwa nacho hukonda.
Opuada alipofariki nikaitoa ya saba, bora ya zote,
ikanishuka hadi kwenye nyusi.
Kiooni alisimama mtoto aliyefunikwa sufuria.
Iyowuna akacheka,
kisha akaacha kucheka,
na kule kuacha ndiko kulikonitisha.

Nikakunja ukanda wa gazeti
niupenyeze nyuma ya ngozi ya ndani.
Kidole kikagusa karatasi nyingine,
imenitangulia.
Mwandiko wa wino, umegeuka rangi ya chai:
Bucha ya Ashworth, Rochdale, Novemba 1911.
Bwana G. W. Hurst.
Figo za kondoo, mbili.
Nyama ya shingo, ratili tatu.
Na chini, kwa mistari miwili ya hasira:
Haijalipwa.

Miaka kumi na mitatu nimeivaa kofia ile!
Harusini, mahakamani, mbele ya askofu,
kifua mbele, fimbo ikihesabu hatua,
na deni la mtu limeketi utosini.

Lakini si deni lililonikalisha kitandani.
Ni mikunjo. Minne, myembamba, imebanwa kwa ukucha,
kazi ya mkono usio na haraka.
Kumbe naye kilimpungua.
Naye alisimama mbele ya kioo chake, baridi dirishani,
na nyuma yake mtu
akaacha kucheka.

Dawa ya deni ni kulipa.
Nikaenda kwa Daketima, muuza nyama karibu na gati.
Kondoo hakuwa naye; nikachukua figo za mbuzi,
mbili, na shingo.
Sikuomba kupunguziwa, jambo lililomtia shaka.
Nikaomba risiti.
“Risiti ya figo, mzee?”
“Andika.”
“Jina?”
“Hurst.”
Akaandika Hasti. Akaandika Imelipwa,
kwa kalamu yenye alama ya damu.

Figo tulizila usiku uleule, kwa pilipili nyingi.
Iyowuna hakuuliza. Alimumunya mfupa wa shingo
akiniangalia kichwa.

Asubuhi tukamzika Opuada,
aliyewahi kuniambia kuwa kofia zangu
zina wenyewe, nami ni mlinzi tu asiye na mshahara.
Jeneza lilipopita nikamvulia ile ya saba,
nikaishika hewani kupita desturi,
ndani yake karatasi mbili zikinong'onezana.

Kisha nikairudisha. Ikakaa.
Upepo wa mtoni ukaja, ukaijaribu ukingoni,
ukaiacha,
ukaenda kuzijaribu za vijana.